Mtamba wa Kulipa

Kihamba chetu kiko kwenye miteremko ya Mlima Kilimanjaro, nacho si kikubwa. Tuna migomba, kahawa, magimbi kidogo, na banda la ng'ombe karibu na nyumba. Hatuna malisho ya kumwachia ng'ombe atembee. Yeye hukaa bandani nasi humletea chakula: majani yaliyokatwa tambarare na kupandishwa mlimani kichwani, pamoja na vipande vya mgomba uliokwisha kuzaa. Naye hutupa maziwa, na samadi yake hurudi shambani. Mkulima mdogo anajua kwamba banda likikaa tupu, migomba nayo huanza kusinyaa.

Ng'ombe huyo tulimpata usharikani, kwa mpango unaojulikana kama kopa ng'ombe lipa ng'ombe. Sharti lilikuwa moja: mtamba wa kwanza atakayezaliwa si wetu. Tungemlea, kisha tungemkabidhi kwa familia inayofuata kwenye orodha. Tuliimba, tuliombewa, tukaweka sahihi kwa furaha.

Uzao wa kwanza ulikuwa ndama dume. Huyo alikuwa wetu, na tulipanga kumwuza kwa ajili ya ada ya shule. Alinyonya akashiba, akanenepa. Uzao wa pili ulikuwa jike. Siku za mwanzo tulimpa dang'a kama inavyotakiwa. Baada ya hapo, badala ya lita nne kwa siku, akawa anapata mbili. Nyumbani hakuna aliyesema, "Tumpunje." Ndoo ya kuuza ilijaa zaidi, ya ndama ikapungua, nasi tukanyamaza.

Tukajua pia anakwenda kwa nani. Aliyefuata kwenye orodha alikuwa jirani tuliyekuwa tukigombana naye juu ya mpaka, kwa kuwa masale yaliyopandwa na babu zetu yaling'olewa na kila upande ukaulaumu mwenzake. Kuanzia hapo mkono uliopima maziwa ukazidi kuwa mzito.

Mzee wa kanisa alipokuja kukagua, alimtazama ndama mbavuni, akauliza, "Huyu ni wa nani?" Tukajibu kwamba ni wa mpango. Akasema, "Na maziwa yanayopungua, yanakwenda kwa nani?" Akatuaga bila kusubiri jibu.

Swali hilo ndilo tunalowaletea wapendwa wenzetu. Je, mtu anaweza kuibiwa kitu ambacho bado hajakabidhiwa? Tulijitetea mioyoni kwamba jirani hajapoteza chochote, maana mtamba hajafika kwake. Lakini tulipokaa na Neno la Mungu, utetezi huo haukusimama.

Mithali 12:10 inafundisha kwamba mwenye haki huujali uhai wa mnyama wake. Tungeweza kusema, "Huyu si wetu." Basi tufungue Kutoka 23:4-5. Hapo Mungu anamzungumzia mnyama wa adui: ukimkuta amepotea, mrudishe, ukimwona punda wa mtu anayekuchukia ameanguka chini ya mzigo wake, msaidie. Mungu hakuagiza tumalize kwanza ugomvi. Mnyama hajui habari za mipaka. Njaa yake ni njaa tu. Tena nabii Malaki aliwakemea waliomletea Bwana wanyama vipofu na vilema, na kuwabakiza wazima. Sisi tulifanya zaidi ya hapo: tulikuwa tunamdhoofisha mzima kabla ya kumtoa.

Wako watakaosema kwamba watoto wa nyumbani hutangulia ndama, na maziwa yale yalinunua madaftari. Ni hoja ya haki. Katika mwaka wa njaa, hakuna mchungaji atakayemhukumu mama anayempa mtoto maziwa kwanza. Lakini mwezi ule hatukuwa na njaa. Na kama tungekuwa na shida ya kweli, tungekwenda mbele ya kamati tukaisema. Kilichotuhukumu ni kwamba tulificha.

Mpango wa namna hii una historia. Dan West, Mmarekani wa Church of the Brethren, aligawa maziwa kwa wenye njaa nchini Hispania wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe katika miaka ya 1930. Aliona kwamba kikombe huisha, ila ng'ombe huendelea kutoa. Mwaka 1944 mitamba ya kwanza ya mradi wake ilisafirishwa kwenda Puerto Rico, na kila aliyepokea alitakiwa kumpa mwingine mtamba atakayezaliwa. Kwetu wazo hilo si geni. Wazee walizoea kuwekesha ng'ombe kwa mtu asiye na kitu: mtunzaji alipata maziwa na samadi, na mwenye mali aliamini kwamba mnyama wake anatunzwa. Uaminifu huo ndio uliobeba mpango wote, maana bandani usiku hakuna shahidi.

Hapa tumejifunza maana ya uwakili. Tunakiri kanisani kwamba mifugo yote ni ya Bwana, na kukiri huko hakutugharimu kitu mpaka afike mnyama mmoja ambaye kweli si wetu. Jinsi tulivyomlisha yeye ndiyo imani tuliyokuwa nayo.

Tulirudisha kipimo cha maziwa. Mtamba alipofikia umri tulimpeleka wenyewe, tukamweleza jirani tulichofanya, tukaomba radhi. Tulibeba jani la isale, kama ilivyo desturi yetu mtu anapotafuta msamaha. Alinyamaza kitambo, kisha akapokea jani na kamba. Suala la mpaka bado liko kwa wazee, na huenda tusipate tunachodai. Lakini siku hizi kina mama wa nyumba zote mbili hushuka pamoja kukata majani.

Mtamba yule sasa ana mimba. Umbo lake ni dogo kuliko umri wake, na kila tunapopita tunaliona. Jirani hasemi kitu. Nasi tumeahidiana kwamba ndama atakayezaliwa, ambaye naye atakwenda kwa familia nyingine, akihitaji majani tutayabeba.