Mtoto Asitumwe Sigara

Kenya ilipopitisha Sheria ya Kudhibiti Tumbaku mwaka 2007, matangazo ya sigara yalipigwa marufuku. Kampuni za tumbaku zilikatazwa pia kudhamini michezo, na wenye maduka wakakatazwa kumuuzia sigara aliye chini ya miaka 18 au kuifungua pakiti na kuuza moja moja. Watoto wetu wamekua bila mabango makubwa ya sigara barabarani. Waliopigania hilo wanastahili shukrani za kila mzazi.

Filamu, hata hivyo, ina ushawishi ambao bango halina, kwa kuwa mtazamaji hahisi kwamba anauziwa kitu. Mwaka 1983 mwigizaji wa Marekani Sylvester Stallone alitia saini barua akiahidi kutumia sigara za kampuni ya Brown & Williamson katika filamu zisizopungua tano, kwa malipo ya dola 500,000. Malipo ya namna hiyo yalikatazwa Marekani katika makubaliano ya 1998 kati ya majimbo na kampuni kubwa za tumbaku. India ilikwenda mbali zaidi. Wizara yake ya afya ilikataza kabisa uvutaji katika filamu. Mahakama Kuu ya Delhi ikalibatilisha katazo hilo mwaka 2009. Hata hivyo, tangu 2012, kila sigara inapoonekana, onyo huandikwa chini ya picha.

Serikali inaweza kufika hapo tu. Ndani ya nyumba zetu haiingii, na humo ndimo nionamo hatari.

Kutumwa ni sehemu ya malezi yetu. Mtoto mwenye adabu huitika, hupokea pesa, hukimbia, hurudi na chenji kamili, na husifiwa. Sasa mtu mzima anapomwambia, “Kaniletee sigara mbili na kiberiti,” sifa ileile inaambatana na tumbaku. Mtoto anajua jina la sigara na bei yake kabla hajamaliza darasa la tatu. Ameinusa njia nzima. Hakuna kampuni iliyowahi kupata tangazo zuri kuliko hilo, tena linatolewa na mtu anayempenda mtoto kuliko wote.

Simlaumu mzazi kwa kuwa mvutaji. Nikotini humshika mtu, na wengi wanatamani kuacha lakini wanashindwa. Mzazi wa namna hiyo ana jambo zito la kumwambia mwanawe: kwamba alianza akiwa kijana, kwamba anajaribu kuacha, kwamba inamsumbua. Maneno hayo mtoto atayaamini, maana anamsikia akikohoa usiku. Na sigara yake aifuate dukani mwenyewe.

Mwenye duka naye ana sehemu yake. “Ni ya baba” si sababu ya kumpa mtoto sigara, na sheria haikuweka msamaha huo. Akimrudisha mikono mitupu, tusimnunie wala tusihamie duka la jirani.