Sitara ya dhambi na haki ya mke

KUNA swali nililoulizwa zaidi ya mara moja hapa Mpanda, aghalabu pembeni, baada ya watu kutawanyika msikitini. Mtu amesafiri, au amekaa miezi kwenye machimbo ya dhahabu, shetani akamteleza akazini. Amerejea kwa mkewe na hofu ya maradhi. Ametubu. Je, analazimika kupima na kusema, ilhali tumefundishwa kuwa mja aliyesitiriwa na Allah (s.w.) asijifichue?

Wapo wanaomjibu haraka: nyamaza, toba inatosha. Naona wamechanganya mambo mawili. Sitara ni ya dhambi. Maradhi ni madhara, na Mtume (s.a.w.) alikataza ngamia wagonjwa kupelekwa kwa wazima. Ikiwa hiyo ni haki ya ngamia wa jirani, vipi mke aliyelala pembeni yako?

Tuchukue malengelenge ya sehemu za siri, yaani hepesi. (Wengine huyachanganya na mkanda wa jeshi, virusi vyake ni vya ukoo mmoja, si vilevile.) Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa mwaka 2020 watu wapatao milioni 520 wa miaka 15 hadi 49 walikuwa na virusi vya aina ya pili, ambavyo ndivyo hasa huenezwa kwa zinaa. Wengi wao hawajui. Virusi hujificha kwenye mishipa ya fahamu maisha yote, na huambukiza hata pasipo kidonda. Kondomu hupunguza hatari, haiiondoi. Kipimo cha damu huweza kuchukua miezi mitatu kabla ya kuonyesha. Aliyepima wiki ya kwanza akaambiwa hana, bado hajaambiwa kitu. Ama hofu ya Ukimwi, hiyo haingoji: dawa za kinga huanzwa ndani ya saa 72.

Sasa pagumu. Kipimo cha damu hakisemi virusi viliingia lini, wala kutoka kwa nani. Nani basi amempa mume ruhusa ya kumtuhumu mkewe kwa karatasi ya maabara? Surat Nur inataka mashahidi wanne, na karatasi ile si shahidi hata mmoja. Huenda virusi vilikuwamo tangu ndoa ya mwanzo, au ni yeye mwenyewe aliyevileta.

Ukweli huohuo unampa mume njia: anaweza kumwambia mkewe kuwa ana maradhi haya, wapime na wajikinge, bila kusimulia alilolitenda. Utasema hiyo ni hila. Inanukia hila, sikatai. Lakini kunyamazia dhambi ni jambo moja, na kusema uongo ukiulizwa, au kumwacha mke abebe shaka isiyo yake, ni dhulma nyingine mpya.

Sheria ya Ukimwi ya mwaka 2008 inamtaka mwenye VVU amjulishe mwenzi wake. Hepesi haimo humo. Hapa hakuna hakimu ila taqwa yako.

Na mke akiwa mjamzito, muda ni mfupi zaidi. Maambukizi mapya karibu na kujifungua huweza kumfikia mtoto wakati wa kuzaliwa, na huweza kumuua. Mkunga aambiwe kabla uchungu haujaanza.