Mfalme Aliyemwomba Radhi Farasi

Februari 1601, wafuasi wa Bwana wa Essex waliwaendea waigizaji wa kundi la Shakespeare jijini London wakitaka mchezo mmoja tu, ule wa Richard wa Pili, mfalme anayevuliwa taji na kuuawa. Waigizaji walisitasita. Mchezo umeshachakaa, walisema, hautapata watazamaji. Wakaongezewa shilingi 40 juu ya malipo yao ya kawaida, wakaigiza. Kesho yake Essex aliingia mitaani na watu wake dhidi ya serikali ya Malkia Elizabeth, akitumaini wakazi wa London watamfuata. Hawakumfuata. Kabla mwezi haujaisha alikuwa amekatwa kichwa.

Watu wale walilipia mchezo mzima wakaona nusu. Waliona jinsi mfalme mbovu anavyong'olewa. Nusu ya pili, ambapo mtu uliyemchukia tangu mwanzo anaanza kukutia huruma, iliwapita. Lakini wapo pia wasomaji wa aina nyingine, na hao nawahofia zaidi: wanaiona huruma hiyo, kisha wanaigeuza kuwa hati ya kumfutia Richard madeni yote.

Madeni yenyewe hayajifichi. Ami yake mmoja, Gloucester, ameshauawa huko Calais kabla mchezo haujaanza, na waliomo jukwaani wanajua amri ilitoka wapi. Ami wa pili, John wa Gaunt, yuko kitandani anakata roho. Anatumia pumzi zilizobaki kumwonya mfalme kwamba ameigeuza nchi kuwa mali ya kukodisha. Richard anamkaripia mgonjwa. Habari za kifo zinapoletwa, anatamka maneno mawili matatu ya tanzia, na papo hapo anaamuru vyombo vya fedha, pesa, mapato na kila kinachobebeka vichukuliwe vikagharimie vita vya Ireland. Mrithi halali, mwana wa Gaunt, Henry Bolingbroke, yuko uhamishoni, alikopelekwa na Richard huyu huyu.

Hapo anainuka ami wa tatu, mzee York, na hoja yake ndiyo roho ya mchezo wote. Ukimpora mtoto urithi wa baba yake, anauliza, wewe unadhani kiti hicho ulikipata kwa njia gani? Richard alivikwa taji mwaka 1377 akiwa mtoto wa miaka 10. Hakuwa na vita alivyoshinda wala sifa aliyojichumia. Alikuwa mjukuu wa mfalme, basi. Kanuni anayoivunja ndiyo hiyo hiyo inayomshikilia. Anamwambia mzee awaze atakavyo, kisha (nadhani hapa Shakespeare alikuwa akicheka kimoyomoyo) anamwachia York huyo huyo ulinzi wa nchi na kwenda zake Ireland.

Anaporudi, Bolingbroke ameshatua nchi kavu na mabwana wamemkimbilia. Askari wa Wales waliokuwa wakimngoja Richard wametawanyika siku moja tu kabla. Mfalme anaketi chini, udongoni, na kuanza kusema kwamba yeye naye hula mkate, hupungukiwa, huumia, huhitaji marafiki. Waigizaji wanaipenda mno sehemu hii, na wana haki. Ila mwalimu anayeifundisha awaulize wanafunzi wake: ugunduzi huu umemjia lini? Alipokuwa na jeshi, hakuwa mla mkate? Na Gaunt pale kitandani, yeye hakuwa binadamu?

Kwa macho yangu, machozi ya Richard yana utamu ambao mwenyewe anauonja. Siku ya kuvuliwa taji mbele ya Bunge, katika onyesho ambalo halikuchapishwa hadi 1608, Elizabeth akiwa ameshafariki, Bwana wa Northumberland, mmoja wa waliomuunga mkono Bolingbroke, anamsukumia karatasi yenye orodha ya makosa yake aisome kwa sauti. Hawezi, anasema, macho yamejaa machozi, hayaoni. Kisha anaagiza kioo. Kioo kinaletwa, na macho yale yale yanaona vizuri kabisa: anajitazama uso, anashangaa mbona huzuni haijauchora mikunjo zaidi, halafu anakipiga chini kinavunjika. Karatasi inabaki haijasomwa.

Kama unautafuta utu wake, nenda gerezani Pontefract, karibu na mwisho. Anaingia mtu asiye na cheo, mtunza farasi wa zamani wa mfalme, aliyebembeleza kwa taabu apewe ruhusa ya kumwona bwana wake. Anasimulia jinsi moyo ulivyomuuma siku ya kutawazwa kwa Bolingbroke, alipomwona amempanda Barbary, farasi aliyekuwa akimsugua na kumpamba yeye mwenyewe kwa ajili ya Richard. Alitembeaje chini yake? anauliza Richard. Kwa maringo, anajibiwa, kana kwamba ardhi haimstahili. Richard anawaka. Mnyama aliyekula mkate mkononi mwake! Kwa nini hakujikwaa akamvunja shingo mnyang'anyi yule? Mara anajizuia, anamwomba farasi radhi: kiumbe kilichoumbwa kubeba kina kosa gani?

Ni sentensi chache tu, lakini kwa mara ya kwanza hasira yake imesimama kwa kumfikiria mwingine. Msamaha ambao Gloucester hakuupata, wala mjane wake, wala Gaunt, wala Bolingbroke kabla hajawa adui, ameupata farasi. Mwigizaji akiufanya wakati huo kuwa utakaso, ameharibu. Akiufanya kichekesho, vilevile. Yule mtu amejifunza kweli, na amejifunza akiwa hana tena anayeweza kumlipa. Muda mfupi baadaye wauaji wanaingia, naye aliyeutoa ufalme bila kuchomoa upanga anawaua wawili kabla hajaanguka.

Alipokuwa akipelekwa huko Pontefract alimwambia Northumberland jambo lisilohusu uso wake wala machozi yake: kwamba aliyemsaidia mwingine kupanda kwa dhuluma hatatosheka hata akigawiwa nusu ya nchi, na aliyepandishwa hatamwamini kamwe. Bolingbroke, sasa Henry wa Nne, naye alikuwa amekalia urithi wa mtu. Mwaka 1403 ukoo wa Northumberland ulimwasi, na Hotspur, mtoto wa bwana huyo, akafia vitani Shrewsbury.