Neno Moja la Kuruhusu na Kuzuia

Somo: Kutoka 5:1-5; Marko 10:13-16



Nilipokuwa katika chuo cha ualimu, mkufunzi wetu wa Kiingereza alitupa zoezi ambalo sijalisahau hata leo. Alileta darasani Biblia ya Kiingereza ile ya zamani, iliyotolewa mwaka 1611 wakati wa Mfalme James, akatuambia tufungue Kutoka sura ya 5 na tutafute neno la herufi 3 tu: "let". Katika aya ya 1 tuliliona bila shida. Musa na Haruni wanamtaka Farao awape watu wa Mungu ruhusa waende, na neno la ruhusa hiyo ni "let". Lakini katika aya ya 4 Farao naye anawakemea Musa na Haruni, akiwauliza kwa nini wanawazuia watu wasifanye kazi zao. Na neno la kuzuia ni "let" hilo hilo! Tulidhani mpiga chapa amekosea. Mkufunzi akacheka, akasema, "Hapana. Hayo ni maneno mawili yaliyovaa kanzu moja."

Akatueleza asili yake. Waingereza wa kale, kabla Wanormani hawajaiteka nchi yao mwaka 1066, walikuwa na neno "laetan", maana yake kuachia au kuruhusu, na neno lingine "lettan", maana yake kuchelewesha au kuzuia. Miaka ilivyopita matamshi yalikaribiana hata yote mawili yakawa "let". Ndiyo maana katika Mwanzo 1:3 Mungu anaruhusu nuru iwepo kwa neno hilo, na katika Warumi 1:13 Mtume Paulo anasema kwa neno hilo kwamba alizuiliwa asifike Rumi. Siku hizi maana ya kuzuia imekwisha katika mazungumzo ya kawaida. Imebaki katika pasipoti ya Uingereza, inayoomba mwenye nayo apite bila kizuizi, na katika mchezo wa tenisi, pale mpira wa kuanzia unapogusa wavu na kurudiwa. Imebaki pia katika sala ya zamani ya Kianglikana ya Jumapili ya nne ya Majilio, tunapokiri kwamba dhambi zetu zinatuzuia kupiga mbio tulizowekewa.

Tusiwacheke Waingereza. Sisi nasi tunalo neno letu. Mama akimwambia mtoto, "Acha!" anamkataza. Akisema, "Mwache acheze," anamruhusu. Na katika Marko 10:14, Bwana wetu alipoona wanafunzi wanawakemea waliowaleta watoto, alikasirika akawaamuru wawaache waje kwake. Katika Kiyunani cha Agano Jipya neno alilotumia hapo latokana na "afiemi". Neno hilo lina maana ya kuacha, kuachilia, na pia kusamehe. Ndilo lililotumika Lazaro alipotoka kaburini, Bwana akaagiza afunguliwe na aachwe aende zake (Yohana 11:44). Ndilo lililomo katika Sala ya Bwana, tunapoomba tusamehewe.

Sasa nawaambia kwa nini neno hili dogo linanisumbua moyo.

Lile "lettan" la kuzuia lilitokana na neno lenye maana ya kuwa mzito au mwenye kukawia, na kutoka hapo hapo Waingereza walipata neno lao la kuchelewa, "late". Yaani kuchelewa na kuzuiwa ni ndugu wa tumbo moja. Nililijua hilo tangu chuoni, nikalifundisha wengine, lakini sikulielewa.

Miaka mingi iliyopita nilikuwa mwalimu wa zamu, nami nilisifiwa kwa ukali wangu langoni. Kengele ikilia, nafunga. Kulikuwa na kijana wa darasa la tano aliyechelewa karibu kila siku. Nilimchapa. Alipochelewa tena nilimrudisha nyumbani. Hakujitetea, nami sikumwuliza. Baada ya miezi michache hakuonekana tena, na katika kitabu cha mahudhurio niliandika kwa wino mwekundu neno moja: mtoro. Baadaye sana ndipo niliposikia kwamba mama yake alikuwa mgonjwa wa kulala kitandani, na kijana yule alichota maji, akampikia uji, akawapeleka wadogo zake kwa bibi yao, ndipo akakimbia kuja shule. Hakuwa mvivu. Alikuwa amezuiwa, na mimi nikawa kizuizi cha mwisho.

Nilikutana naye sokoni akisukuma mkokoteni, mtu mzima mwenye mvi chache. Akaniamkia, "Shikamoo, Mwalimu." Nilishindwa kuitikia upesi. Nikamwomba radhi pale pale, mbele ya wateja wake. Akatazama chini kidogo, akasema, "Mwalimu, hayo nilishayaacha." Kisha akaendelea na kazi yake. Alinisamehe, lakini miaka yake ya shule sikuweza kumrudishia.

Ndugu zangu, wale wanafunzi wa Bwana hawakuwa watu wabaya. Walidhani wanatunza utaratibu. Nami nilidhani hivyo. Mara nyingi anayezuia hajioni kuwa Farao. Hujiona mlinzi wa lango. Basi tujiulize katika parokia yetu. Mama anayeingia ibada ikiwa katikati, akiwa na mtoto mgongoni, tunampisha kwenye benchi au tunamgeuzia shingo? Kijana aliyepotea miezi 6 akarudi, tunamwuliza yaliyompata au tunamhesabia Jumapili alizokosa? Mjane asiyetoa ahadi yake, kuna aliyefika kwake kuona jiko lake kama lina moto?

Sisemi lango lisiwe na kengele. Utaratibu ni mwema, na mwalimu asiye na utaratibu huwadhulumu wanafunzi wote. Ninachosema ni hiki: kabla ya kumhukumu aliyechelewa, mwulize ni nini kilichomzuia. Swali hilo halichukui hata dakika moja. Mimi sikuliuliza, na limenigharimu usingizi wa usiku mwingi.

Juma hili kila mmoja wetu amkumbuke mtu mmoja aliyekawia au aliyeacha kuja. Usimtumie ujumbe, mwendee, ukae naye, umsikilize. Ukiona kwamba kizuizi ni wewe, omba radhi mapema, maana si kila mtu atakutana na wake sokoni.

Bwana aliyelifungua kaburi la Lazaro atufungue sisi, ili tuwaache wenzetu wamwendee. Amina.