Aangukaye Kazini: Je, Kudai Fidia ni Kukosa Subira?

Kwa jina la Mwenyezi Mungu, Mwingi wa Rehema, Mwenye Kurehemu. Sifa zote njema ni zake Yeye aliyeutukuza mwili wa mwanadamu, akakiwekea kila kiungo haki yake. Na sala na salamu zimfikie Mtume wake Muhammad, na jamaa zake, na masahaba wake wote.

Amma baadu. Watu wengi wa Kibamba, na wa mitaa yote ya kando ya barabara ya Morogoro iliyokuwa mashamba jana na leo imejaa nyumba, hula kwa jasho la mikono yao. Huyu ni fundi wa kujenga, huyu ni saidia fundi, yule apakua magunia ya saruji, na yule aosha masufuria katika jiko la hoteli. Kazi hizi zina hatari iliyo ndogo machoni na kubwa mwilini, nayo ni kuteleza na kujikwaa. Mtu akiliwa na simba, mji mzima husikia, bali mtu akiteleza juu ya mafuta yaliyomwagika sakafuni akavunjika nyonga, waonao hucheka kwanza, kisha husema, "Pole, ndiyo kudra."

Na ichukuliwe sura ya jambo hili, ambayo si khabari ya mtu fulani bali ni mfano tu. Kijana ameajiriwa katika nyumba inayojengwa. Usiku mvua imenyesha, na ubao wa kupandia umelowa, wala haukupigiliwa vijiti vya kuzuia mguu. Kijana abeba ndoo ya zege begani, ateleza, aanguka, na mguu wavunjika. Tajiri wake aja, ampa shilingi elfu thelathini, amwambia, "Kijana wangu, haya ni maandiko ya Mungu. Nenda ukapumzike, ukipona njoo." Jioni jirani aja kumtazama, naye amnasihi kwa wema, "Mwanangu, ukimdai mzee wa watu utaonekana huna imani." Kijana anyamaza. Mwezi wa pili kodi ya chumba haikulipwa, na mama yake auza vyombo vya ndani kimoja kimoja.

Basi masuala ni haya: Je, jirani yule amenena kweli? Je, mwenye kudai fidia ya kuanguka kwake amepungukiwa na subira na radhi kwa alilokadiriwa?

Mas'ala ya kwanza: kudra na dhamana

Ni kweli isiyo na shaka kwamba hakuna jani lianguka ila kwa ujuzi wa Mwenyezi Mungu, wala mguu hautelezi ila kwa kudra yake. Lakini kudra haimwondolei mja dhamana. Mwizi naye huiba katika jambo lililokadiriwa, na hapana kadhi aliyewahi kumwachia kwa hoja hiyo. Tena Qurani yenyewe, katika Sura ya An-Nisaa, imemlazimisha aliyeua kwa makosa, pasi na kukusudia, kutoa diya kwa jamaa za marehemu. Na hapana Mwislamu asemaye kwamba marehemu yule alikufa kabla ya siku yake. Siku ilikuwa yake, na diya ikawa juu ya aliyeua. Yote mawili yamekaa pamoja na wala hayakugombana.

Kwa hakika kudra ni habari baina ya mja na Mola wake, na dhamana ni habari baina ya mja na mja mwenzake. Subira ni kazi ya moyo wa aliyeanguka: asimlaumu Mola wake, asikate tamaa, asitukane. Haikuwekwa subira iwe kufuli la mfuko wa aliyeuacha ubao ukilowa. Na mwenye kumsikiliza vema yule tajiri ataona ajabu, kwamba yuahubiri subira juu ya deni lake mwenyewe. Mdaiwa hana mamlaka ya kumkadiria mdai wake subira. Mwenye haki ndiye ajuaye kama atasubiri, au atasamehe, au atadai.

Na tena, sharia isingeliuthamini mwili kama thamani yake ingalikuwa haidaiwi. Mkono mmoja ukikatwa kwa makosa una nusu ya diya, yaani ngamia 50; mguu kadhalika; na kila kidole ngamia 10. Jeraha lisilotajiwa kiwango hukadiriwa na hakimu kwa kadiri ya upungufu lilioleta, nako huitwa hukuma. Je, vipimo hivi vyote vimewekwa ili wenye kuumia waone haya kuvitaja?

Mas'ala ya pili: waliyoyasema wanavyuoni juu ya kuteleza

Huenda mtu akadhani kwamba maneno ya kuteleza ni maneno ya viwanda vya leo, wala hayamo vitabuni. Sivyo. Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 676 wa Hijra, sawa na mwaka 1277, ametaja katika Minhaj, kitabu kinachosomwa katika darasa za pwani hii kizazi baada ya kizazi, mtu atupaye taka na maganda ya tikiti njiani, mpita njia akateleza: kauli iliyo sahihi ni kwamba aliyetupa yumo katika dhamana. Na washereheshaji wake wamepambanua habari ya maji. Mwenye kumwaga maji njiani kwa ajili ya kuwatulizia wapitao vumbi, bila kupita kiasi, hukumu yake ni nyepesi. Bali amwagaye kwa maslahi ya nafsi yake, kisha mtu akateleza, basi ni juu yake. Isipokuwa aliyeteleza awe amekusudia kuyakanyaga na hali ayaona: huyo amejitia mwenyewe.

Lililo karibu zaidi na habari ya mwajiriwa ni mas'ala ya kisima cha ukumbini. Mtu amechimba kisima katika ukumbi wa nyumba yake, nayo ni mali yake, hakumdhulumu mtu kwa kukichimba. Kisha amemwita mgeni aingie, wala hakumwonya, na mgeni hakijui, kwa kuwa ni giza au kimefunikwa, akatumbukia. Kauli iliyo dhahiri katika madhehebu ni kwamba mwenye nyumba atadhamini. Kwa nini, na hali kisima ni chake na nyumba ni yake? Kwa sababu yeye ndiye aliyemwita. Mwito ule ulimpa mgeni amani, naye akaingia kwa kuuamini.

Basi mwenye kupima na apime. Mwajiriwa haingii katika jengo la tajiri kwa kuzurura. Ameitwa, tena ameitwa kwa faida ya mwitaji. Kama mgeni wa chakula ana haki ya kuonywa juu ya shimo, mgeni wa kazi ana haki hiyo mara mbili.

Na haifai kuificha hoja ya upande wa pili. Imepokewa katika Hadithi iliyo sahihi kwamba kisima na machimbo havina dhamana, na wanavyuoni wameifasiri kwamba mtu akiajiriwa kuchimba, kisha udongo ukamporomokea, aliyemwajiri hadaiwi diya. Basi asemaye kwamba kila kuanguka kazini kunamlazimu tajiri kwa asili ya fiqhi, amepita mpaka. Kuna kuanguka ambako hapana aliyekosa: si tajiri aliyepuuza, si kibarua aliyechezea. Mguu umeteleza tu. Huyu je, aachwe na mguu wake?

Mas'ala ya tatu: sheria ya nchi na mkataba

Hapa ndipo lilipo pengo ambalo watawala wameliziba kwa maslahi ya watu. Katika Tanzania Bara, sheria ya zama za Waingereza, iliyotungwa katika miaka ya 1940, ilimwachia kila mwajiri amlipe mtu wake, na ikaandika viwango kwa shilingi ambazo thamani yake iliyeyuka mwaka hata mwaka, hata fidia ikawa kama sadaka. Mwaka 2008 ikatungwa sheria mpya ya fidia kwa wafanyakazi, na chini yake ukasimamishwa Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ulioanza kukusanya michango mwezi wa Julai 2015 na kulipa mafao tangu Julai 2016. Mwajiri ndiye achangaye, na tangu mwaka 2022 kiwango chake ni nusu ya shilingi katika kila shilingi 100 za mishahara. Mfanyakazi hakatwi kitu katika ujira wake.

Na sheria hii haikuuliza kwanza ni nani aliyekosa. Yatosha kwamba mtu ameumia kwa ajili ya kazi na katika kazi. Yumo humo matibabu. Yumo humo malipo ya muda asioweza kufanya kazi, asilimia 70 ya ujira wake, kwa muda usiozidi miezi 24. Yumo humo malipo ya kilema cha kudumu, na ya kumuuguza asiyejiweza, na mazishi, na riziki ya wajane na mayatima. Wala si lazima mkataba uwe wa karatasi. Uliofungwa kwa mdomo nao ni mkataba.

Mtu akiuliza hikima yake, na aitazame aqila. Aliyeua kwa makosa hakubebeshwa diya peke yake. Jamaa zake wa upande wa baba wameibeba pamoja, kwa miaka mitatu, ili mwenye kupatwa asipoteze na mwenye kukosea asiangamie. Sayyidna Umar aliwawekea watu wa jeshi daftari, nao wakabebeana. Madhehebu ya Imamu Shafii hayakulihesabu daftari kuwa aqila, na Mfuko wa leo si aqila kwa hukumu. Lakini hikima ya kubebeana yaonekana humo kama jua. Naye mwajiri ambaye ameajiri watu katika nchi yenye sheria hii amejua sharti lake kabla ya kuajiri, na Waislamu hushikamana na masharti yao yasiyoharamisha halali.

Basi kijana wa Kibamba akidai, hadai mali ya yule mzee. Adai kilichokwisha kutolewa kwa ajili yake. Na ikiwa tajiri hakuandikisha watu wake, basi kosa lile si la aliyevunjika mguu.

Mas'ala ya nne: msamaha, ushahidi na uwongo

Huenda ikasemwa, "Je, kusamehe si bora?" Naam, kusamehe ni bora, nako ni daraja ya juu. Lakini msamaha hauwi msamaha ila kwa radhi, na radhi haiwi ila kwa ujuzi na uhuru. Asiyejua kwamba ana haki hakusamehe kitu. Na aogopaye kufukuzwa hakusamehe, bali ametishwa. Imamu Ghazali amefundisha kwamba mali itolewayo kwa kuona haya mbele ya watu ni kama iliyonyang'anywa. Basi na ajitazame tajiri aliyepata "msamaha" wa kibarua kwa elfu thelathini na maneno matamu: asije akaikuta haki ile mbele yake siku ambayo hailipwi kwa shilingi bali kwa mema yake.

Na wenziwe waliokuwapo ubao ulipoteleza, ushahidi ni amana shingoni mwao. Mwenye kuuficha, Qurani imeusema moyo wake kuwa una dhambi. Kuogopa kukosa kibarua cha kesho ni udhuru mzito, lakini mguu uliovunjika leo ni mzito zaidi. Nao wakishuhudia wote kwa pamoja, hapana atakayetengwa peke yake.

Upande wa pili nao una mtego wake. Yuko aangukaye kwake siku ya Jumapili, akaja kazini Jumatatu akichechemea, adai kwamba aliangukia ngazi ya bohari. Yuko aliyepona, naye ashika mkongojo mlangoni mwa daktari. Huyu haibi kwa tajiri. Aiba katika sahani ya wajane na mayatima. Na akumbuke mtu aliyeuawa katika safari ya Khaibar, watu wakampongeza kwa shahada, Mtume akawajulisha kwamba shuka aliyoificha katika ngawira yamuwakia moto. Shuka moja, katika mali ya watu wote.

Kwa hiyo aliyeanguka yampasa mambo manne. Amwambie mwajiri wake siku ile ile, au upesi awezavyo, na ahifadhi majina ya walioona. Aende kwa mganga, Mloganzila au zahanati iliyo karibu, na aeleze jinsi alivyoumia bila kuongeza wala kupunguza. Ahakikishe khabari imeandikwa, maana mwajiri apaswa kuifikisha kwa Mfuko katika siku 7 tangu kuijua, na dai likikaa zaidi ya miezi 12 huweza kupotea. Na aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qurani imekuja kufundisha kuandika haki. La nne, amshukuru aliyemsaidia hata kwa elfu thelathini, wala asiichukue shukrani ile kuwa ni risiti ya deni zima.

Na mwajiri yampasa moja litanguliayo hayo yote: apigilie vijiti juu ya ubao, afute mafuta, aweke taa ngazini. Bedui alimuuliza Mtume kama amwache ngamia wake na kumtegemea Mungu. Akaamrishwa amfunge, kisha ategemee. Asiyefunga ngamia wake hana haki ya kumhubiria tawakali aliyekanyagwa naye.

Jawabu la jirani, basi, ni hili: imani haikumkataza kijana kudai. Imani imemkataza kusema uwongo katika dai lake, na imemkataza tajiri kumnyima. Na asubiri kijana kwa maumivu yake, kwani hayo hayana mlipaji ila Mola wake. Bali ujira na matibabu yana mlipaji katika ardhi, na awaendee wenye kulipa.

Mwenyezi Mungu awaponye walioumia, awaruzuku wenye mali uadilifu, na awape wenye haki ukweli wa ndimi. Amin. Wallahu aalam.