Dawa ya Deni ni Kulipa

Kila mwaka tarehe 25 Julai Taifa letu huwakumbuka Mashujaa wake. Siku hiyo tarumbeta hupigwa, viongozi huweka penye mnara mkuki na ngao, sime, upinde na mishale, pamoja na mashada ya maua. Kisha viongozi wa dini, Wakristo kwa Waislamu, huwaombea marehemu. Sisi wa Mtwara hatuna haja ya kwenda mbali ili tuielewe maana ya siku hiyo. Huko Naliendele, kilomita chache kutoka mjini, mahali ambapo wengi wapajua kwa ajili ya utafiti wa korosho, wamelala askari wetu waliokufa katika mapambano ya Msumbiji. Kuyatunza makaburi yao ni tendo jema, nasi twawasifu wale wanaolifanya.

Lakini siku ya pili yake, yaani tarehe 26 Julai, yuko askari mwingine ambaye hajafa. Huyu sasa ni mzee. Labda alikwenda Kagera mwaka 1978. Labda alikwenda Zambezia mwaka 1987. Leo anapalilia mikorosho yake Nanyamba au Tandahimba, au anashona nyavu Msimbati, na mguu humwuma kila masika yakianza. Vijana wakimwona hunong'onezana, "Mzee wa vita huyo, akianza kusimulia hamalizi." Ofisini huambiwa aje wiki ijayo, na wiki ijayo huambiwa vivyo hivyo. Wala hatusemi kwamba watu hao wanamchukia. Wamemzoea tu, kama mtu anavyouzoea mti ulio mbele ya nyumba yake, asikumbuke tena ni nani aliyeupanda.

Basi twauliza: heshima tunayompa mtu wa namna hii, je, ni sadaka tunayoitoa tukipenda na kuizuia tukipenda? Au ni deni, ambalo tusipolilipa twaivunja haki? Sisi twasema bila kusita kwamba ni deni. Na kwa kuwa jambo lenyewe si dogo, yafaa tulieleze kwa utaratibu.

Mtakatifu Thoma wa Akwino afundisha kwamba heshima ni ushuhuda wa wema ulio ndani ya mtu. Mungu auona moyo, wala hahitaji dalili. Lakini binadamu haoni moyo; kwa hiyo ushuhuda wake hauna budi kuonekana kwa nje, kwa maneno, kwa matendo au kwa vitu. Tukiyashika mafundisho hayo, twaweza kujipima wenyewe. Maneno tumeyatoa, tena mengi, kila Julai. Matendo ni machache, na vitu ni vichache zaidi. Tena ushuhuda sharti uwe juu ya mtu fulani. Shahidi akisimama barazani akasema, "Nashuhudia kwamba watu wengi walifanya mambo makubwa," hakimu atamwuliza, "Watu gani?" Heshima isiyojua jina la mtu ni nusu ya heshima.

Pwani hii yetu yajua vizuri maana ya kusahauliwa jina. Katika Vita Kuu ya kwanza, Wareno waliitwaa Kionga, ng'ambo ya mlango wa Ruvuma, mwezi wa Aprili 1916. Mwaka huo huo walivuka mto wakaingia Newala, nao Wajerumani wakawafukuza. Waingereza walishuka Mikindani na Lindi. Kuanzia tarehe 15 hadi 18 Oktoba 1917 watu waliuana Mahiwa, karibu na Nyangao, na wengi wa waliouana walikuwa Waafrika wa upande huu na Waafrika wa upande ule. Mwezi uliofuata Lettow-Vorbeck aliuvuka Ruvuma na kuingia nchi ya Wareno. Na nyuma ya kila jeshi walitembea wapagazi, wenye kubeba risasi, unga na majeruhi. Wengi wao walichukuliwa kwa nguvu mashambani mwao. Walikufa kwa njaa, kwa kuhara, kwa homa na kwa uchovu, wakazikwa kando ya njia bila kuandikwa.

Huko Dar es Salaam iko sanamu ya Askari iliyosimamishwa mwaka 1927, na aliyesimama juu yake ni mwenye bunduki. Mpagazi amebakiwa na jina la mtaa na soko la Kariakoo, lililotokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi cha Waingereza. Nasi twanunua nguo na vyombo pale bila kukumbuka kwamba twalitaja jeshi la watu waliokufa. Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri hadharani kwamba watu wasiopungua 116,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, waliokufa katika kuyatumikia majeshi ya Dola ya Kiingereza katika vita hiyo, hawakukumbukwa kwa majina yao, au pengine hawakukumbukwa kabisa. Tume iliomba radhi. Lakini miaka mia moja ilikuwa imekwisha pita, na wajane na watoto wa watu wale walikuwa wamekwisha kufa. Hivi ndivyo deni lisivyosubiri: likicheleweshwa mno, hukosa mtu wa kulipwa.

Wako watakaotupinga, nasi hatuna budi kuwajibu kwa haki.

Wa kwanza watasema: "Askari ni mfanyakazi kama mwalimu au bwana shamba. Alilipwa mshahara wake; deni limekwisha." Twajibu hivi. Mshahara ni malipo ya kazi na ya siku za kazi. Lakini askari hudaiwa kitu kisichoandikwa katika mkataba wa mfanyakazi mwingine yeyote: akiamriwa kubaki mahali penye kifo, abaki. Uhai hauna bei, na kisicho na bei hakiwezi kulipwa kwa mshahara. Chaweza kulipwa kwa heshima tu. Isitoshe, hoja hiyo yawasahau wanamgambo. Wakati wa vita ya Kagera, maelfu waliokwenda mbele hawakuwa askari wa kazi. Walikuwa wakulima walioitwa, wakaacha majembe, wakaenda, na vita ilipokwisha mwaka 1979 wakayarudia majembe yao. Mkulima wa namna hiyo, twaweza kumwambia kwamba tumekwisha kumlipa?

Wa pili watasema: "Vita ni uovu. Mkristo awezaje kuheshimu kazi ya vita?" Hoja hii ina uzito, wala hatuidharau. Kanisa halijapata kuipenda vita. Hata hivyo Yohane Mbatizaji, askari walipomwuliza wafanye nini, hakuwaambia waache kazi yao. Aliwakataza kunyang'anya na kusingizia watu, akawataka watosheke na mshahara wao. Na Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati ya Gaudium et Spes ya mwaka 1965, fungu la 79, wafundisha kwamba wale wanaoitumikia nchi yao jeshini, wakiitimiza kazi hiyo kwa haki, wanasaidia kweli kuiimarisha amani.

Lakini twataka kwenda mbele zaidi. Askari hachagui vita. Sisi tulio nyumbani, kwa njia ya viongozi wetu, ndio tunaochagua, yeye hutumwa. Basi, ikiwa vita ni ya haki, twamwia shukrani. Na kama vita haikuwa ya haki, je, deni limefutika? La, hasha! Hapo deni limezidi, kwa maana uhai wake umetumiwa vibaya na wale waliomtuma. Mpagazi wa mwaka 1917 hatuwezi kumshukuru kwa ajili ya ushindi wa mfalme asiyemjua. Lakini twaweza kukiri kwamba alikuwa mtu, kwamba alibebeshwa mzigo wa wengine, na kwamba alikuwa na jina. Kumheshimu aliyetumwa si kuibariki kila vita.

Wa tatu watasema, nao husema kwa sauti ya chini: "Wengine wao walitenda maovu." Ni kweli. Wazee wa kusini wasimulia bado habari za Maji Maji, miaka ya 1905 hadi 1907, jinsi askari Waafrika wa Mdachi walivyochoma ghala na mashamba ya Waafrika wenzao. Na katika kila jeshi, hata lililo letu, aweza kupatikana mtu aliyemwonea mnyonge. Uovu huo hauheshimiwi, wala nguo za jeshi haziufuniki; aliyetendewa ana haki ya kusikilizwa kama aliyetenda alivyo na wajibu wa kujibu. Lakini tusome Kitabu cha Pili cha Wamakabayo, sura ya 12. Yuda Makabayo alipokwenda kuwazika watu wake waliokufa vitani, aliwakuta na vitu vya sanamu chini ya nguo zao. Hakusema kwamba walikuwa watakatifu. Wala hakuwaacha walale bila kaburi. Aliwazika, akawaombea, akachanga fedha, ikapelekwa Yerusalemu kwa sadaka ya dhambi zao. Huo ndio mfano wetu. Tusimfanye askari kuwa malaika, maana sifa za uongo si heshima. Wala tusiyatumie makosa ya wachache kuwa kisingizio cha kuwanyima wote.

Pengine msomaji atadhani kwamba twazungumza juu ya mambo ya kale. Sivyo. Mwezi wa Desemba 1988 vikosi vyetu vilirudi kutoka Msumbiji, lakini kazi ya askari haikukoma. Mwaka 2013 askari wetu saba waliuawa Darfur. Mwezi wa Desemba 2017 wasiopungua 14 waliuawa huko Semuliki, mashariki ya Kongo, walikokwenda kulinda watu wasio ndugu zao. Na sisi wenyewe, mwezi wa Oktoba 2020, tuliona jinsi wapiganaji kutoka Cabo Delgado walivyouvuka Ruvuma wakakishambulia kijiji cha Kitaya, wakaua watu na kuchoma nyumba. Siku zile hakuna mtu wa kando ya mto aliyeuliza kama askari ana faida. Kila mama aliyekimbia na mtoto mgongoni alitamani kuona gari la jeshi likija. Hofu hutufundisha shukrani upesi, na usalama hutusahaulisha upesi vile vile. Kijana aliyesimama Kitaya mwaka ule atakuwa mzee siku moja. Namna tunavyomtendea leo mzee wa Kagera ndiyo ahadi tunayompa kijana huyo.

Je, tufanye nini? Mambo ya pensheni na matibabu ni wajibu wa Serikali, nasi twaiomba iyaangalie kwa moyo, hasa kwa wale wanamgambo na wajane wasio na karatasi za kutosha. Lakini deni ni letu sote, na sehemu yetu haihitaji bajeti.

Kwanza, tuwajue. Kila Jumuiya Ndogo Ndogo yaweza kuandika majina ya wazee wa eneo lake waliotumikia jeshini au katika mgambo: walikwenda wapi, mwaka gani, pamoja na nani. Yaandikwe pia majina ya babu waliokuwa wapagazi au waliopelekwa Burma katika Vita Kuu ya pili, kwa kadiri yanavyokumbukwa bado katika ukoo. Tusiulize dini ya mtu. Waliokufa pamoja, Mkristo na Mwislamu, hawakuulizana.

Pili, tuwasikilize. Mwalimu amwalike mzee darasani, akae kitini, aeleze. Watoto watajifunza kwake jambo ambalo kitabu hakiwezi kuwafundisha, yaani kwamba vita si mchezo. Aliyeiona vita ndiye aliye wa mwisho kuisifu. Kumsikiliza ni njia mojawapo ya kuilinda amani.

Tatu, tuwasaidie kwa mikono yetu. Mwenye kusoma amwandikie barua yake; kijana mwenye pikipiki amfikishe hospitali; vijana wa parokia wampalilie mikorosho yake kabla ya msimu. Hayo ni mambo madogo, lakini ndiyo matendo na vitu anavyovitaja Mtakatifu Thoma, ambavyo bila hivyo maneno ya Julai yabaki hewani.

Nne, tuwaombee, walio hai na waliokufa. Mwezi wa Novemba, tunapowakumbuka marehemu wote, yasomwe pia majina ya askari na wapagazi wa kila parokia. Tarehe 11 ya mwezi huo huo ni sikukuu ya Mtakatifu Martino wa Tours, aliyekuwa askari, akaligawa joho lake apate kumfunika maskini. Askari alimfunika raia. Sasa askari wengi wamezeeka na kupungukiwa, na zamu ya kufunika imetufikia sisi raia.

Wahenga walisema kwamba dawa ya deni ni kulipa. Hawakusema kwamba dawa yake ni kulitaja kila mwaka. Makaburi ya Naliendele yatatusubiri, maana wafu hawana haraka. Wazee walio hai hawana siku nyingi. Basi, ndugu msomaji, kabla hujamaliza wiki hii, mtafute mmoja aliye karibu nawe, ujue jina lake, umwulize habari zake, nawe uketi umsikilize mpaka amalize.