Njia ya Kufikia Hekalu

Reli ilifika Thika mwaka 1913, na wenye maduka hawakuchelewa kuifuata. Wengi wao walikuwa watu wa Gujarati: Waoshwali kutoka vijiji vya karibu na Jamnagar, ambao ni wa dini ya Kijaini, na Wahindu wa madhehebu kadhaa. Waliuza vitambaa, chumvi, mafuta ya taa na majembe, wakanunua mahindi na magome ya miwati, na baadaye wakawa miongoni mwa wenye viwanda walioipa Thika jina. Popote walipotosha kuitwa jamii, walitenga mahali pa ibada. Mara nyingi kilianza chumba cha kuazima, na jengo likaja baadaye, mifuko iliporuhusu.

Kisa ninachotaka kusimulia hakikutokea Thika. Kilitokea Uingereza, lakini wengi wa waliokionja walizaliwa huku kwetu: Thika, Nairobi, Kisumu, Kampala, Jinja. Nakileta hapa kwa sababu ploti zinauzwa kila siku kati ya Ruiru na Thika, na miongoni mwa wanunuzi wamo watu wa ibada. Kuna kanisa changa lililochoka kukodi darasa la shule, kuna jamaa wa msikiti, na kuna wataalamu kutoka India walioajiriwa viwandani, ambao kwa sasa hukutana sebuleni kwa mmoja wao na wanatamani siku moja kuwa na hekalu. Wote hao naona wanaelekea kuanza palepale walipoanzia wale wa Uingereza, yaani kwenye jengo, na hapo ndipo hatari ilipo.

Kenya ilipopata uhuru Desemba 1963, Waasia waliokuwa na haki ya kujiandikisha kuwa raia walipewa miaka 2 kufanya hivyo. Wengi hawakujiandikisha, baadhi kwa hofu, wengine kwa kusitasita tu, wakabaki na pasipoti za Uingereza. Mwaka 1967 zikaja sheria mpya za uhamiaji na za leseni za biashara. Asiye raia akahitaji kibali cha kazi, na biashara yake ikabanwa. Mwanzoni mwa 1968 ndege za kwenda London zilijaa watu waliokuwa wakikimbia kufika kabla mlango haujafungwa. Kwa siku chache tu Bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya kuwazuia, na kufikia Machi 1 sheria hiyo ilikuwa imekamilika. Miaka 4 baadaye Idi Amin akawapa Waasia wa Uganda siku 90 waondoke.

Waliofika walikaa Wembley, Harrow, Leicester na kwingineko, katika nyumba ndogo zilizobanana. Mahekalu yao waliyaacha Afrika Mashariki. Wakakodi kumbi za shule siku za Jumapili, wakasali sebuleni, na wafuasi wa BAPS, tawi moja la madhehebu ya Kihindu ya Swaminarayan, wakaanza mwaka 1970 katika jengo lililokuwa kanisa huko Islington. Mtu aliyezoea kuingia hekaluni kila asubuhi kabla ya kufungua duka alijikuta hana pa kwenda mpaka siku ya mapumziko. Usipoielewa njaa hiyo, hutaelewa yaliyofuata.

Mwaka 1973 George Harrison, mwanamuziki wa Beatles, aliwanunulia wafuasi wa Hare Krishna jumba kubwa la kizamani lenye bustani, nje kidogo ya London, katika kijiji cha Letchmore Heath, mkoa wa Hertfordshire. Jumba hilo lilikuwa limetumika kufundishia wauguzi. Jina likabadilishwa likawa Bhaktivedanta Manor, kwa heshima ya kiongozi wao, A. C. Bhaktivedanta Swami Prabhupada. Kwa mamlaka za mipango, hapo palikuwa chuo cha dini chenye makazi: watawa wachache, wanafunzi wachache, ukimya. Na kwa nia ya mwanzo huenda ndivyo ilivyokuwa. Kijiji chenyewe kilikuwa kidogo, kina uwanja wa nyasi, kidimbwi cha bata na njia nyembamba ambayo magari mawili yakikutana, moja lazima lisubiri.

Agosti mwaka huohuo Prabhupada mwenyewe akaziweka wakfu murti, yaani sanamu takatifu, za Radha na Krishna.

Asiye Mhindu atulie kidogo hapa, kwa sababu kisa chote kimejificha katika siku ile. Murti ikishafanyiwa ibada ya prana pratishtha, yaani kupewa uhai, kwa muumini si jiwe tena wala chuma. Ni Mungu aliyekubali kukaa pale. Huamshwa alfajiri, huogeshwa, huvishwa, huandaliwa chakula, huimbiwa arati kwa taa na kengele, na usiku hulazwa. Hazimwi kama taa wala hahamishwi kama fanicha. Ukumbi wa mikutano ukiambiwa uhame, utahamia mtaa wa pili. Ukiliambia hekalu lihame baada ya siku ile, masikioni mwa waumini umewaambia wamtoe mzazi wao nje.

Kwa hiyo, kabla hata ya kuuliza nani atakuja na atapita wapi, jambo lisilorudishwa nyuma lilikuwa limekwisha kufanyika.

Na watu wakaja. Wahindu wa Afrika Mashariki waliokuwa wakisali sebuleni walisikia kwamba karibu na London kuna Mungu anayehudumiwa kila siku, kwa utaratibu uleule walioujua utotoni. Walikuja na watoto, na bibi, na sufuria. Siku ya Janmashtami, ambayo ni maadhimisho ya kuzaliwa kwa Krishna, walikuja kwa maelfu, na wote walipita katika njia ile moja nyembamba, mbele ya milango ya watu waliokwenda kuishi kijijini wakitafuta utulivu.

Mimi siwezi kuwalaumu wanakijiji kwa kulalamika. Mtu akishindwa kutoa gari lake nyumbani kwa sababu ya wageni wa jirani, malalamiko yake ni ya kweli hata kama mgeni yule anakwenda kuomba Mungu. Wala siwezi kuwalaumu waliokuja. Walikuwa watu waliofukuzwa mara mbili na kufungiwa mlango mara moja, na hatimaye wamepata mahali. Lawama ninayo kwa wale wa kamati ya hekalu, ambao miaka ya mwanzo, umati ulipokuwa bado mdogo na majirani bado wanasalimiana, hawakwenda kutafuta njia nyingine ya kuingilia. Jambo lile lilikuwa rahisi wakati huo. Baada ya miaka 10 lilikuwa limekuwa vita.

Mwaka 1983 yalifikiwa makubaliano na halmashauri ya eneo hilo, Hertsmere: siku za kupokea zaidi ya watu 1,000 zisizidi 6 kwa mwaka. Yeyote anayejua kalenda ya Kihindu angeona kwamba ahadi hiyo ilikuwa ngumu kutimizwa na watu ambao idadi yao inaongezeka kila mwaka. Mwaka 1987 halmashauri ikatoa amri ya kusimamisha ibada ya umma. Ukafanyika uchunguzi wa hadhara, na mwaka 1990 waziri akaiunga mkono halmashauri. Mahakama za Uingereza hazikuwasaidia waumini. Walipofika Tume ya Haki za Binadamu ya Ulaya, mwaka 1994, ombi lao halikukubaliwa. Uhuru wa kuabudu, waliambiwa, haumaanishi kwamba sheria za mipango zisimguse muumini. Machi mwaka huo, siku za amri kuanza kutekelezwa, maelfu kwa maelfu waliandamana katikati ya London. Ibada kule haikukoma, na kila anayeingia kusujudu alijua kwamba waliompokea huenda wakashtakiwa.

Suluhisho lilikuja mwaka 1996, na lilikuwa ni barabara. Ardhi ya shamba la jirani ilipatikana, ikachorwa njia mpya inayotoka barabara kuu na kuingia hekaluni bila kukigusa kijiji, na serikali ikatoa kibali cha ibada ya umma. Ile njia ya gari ambayo ingezungumzwa mapema, ilipatikana miaka 23 baada ya jumba kutolewa, baada ya mawakili, rufaa, maandamano na chuki ambayo watoto wa pande zote mbili walikua wakiisikia.

Wapo waliotoka Kenya wakaenda kwa mwendo mwingine. Waoshwali wa Uingereza, wengi wao wakiwa watu wa Thika, Nairobi na Mombasa, walinunua eneo kubwa karibu na Potters Bar mwanzoni mwa miaka ya 1980. Derasar yao, yaani hekalu la Kijaini, ya marumaru iliyochongwa India ilifunguliwa mwaka 2005. Miaka zaidi ya 20 ni mingi kwa mzee anayetamani kuona hekalu kabla hajafa, na wapo waliokufa wakingoja. Lakini ardhi ilikuwa na nafasi ya magari, na murti za Tirthankara, walimu watakatifu wa Kijaini, hazikuingizwa mpaka nyumba ilipokuwa tayari kuzipokea.

Sasa turudi Ruiru. Sensa ya 2009 ilihesabu watu 238,858 katika mji huo. Ile ya 2019 ikahesabu 490,120, kuupita Eldoret na Kisumu. Barabara kuu ya Thika ilifunguliwa rasmi Novemba 2012, na mashamba ya kahawa yakaendelea kugeuka ploti za futi hamsini kwa mia. Barabara kuu ina njia nyingi, lakini ukiiacha na kuingia ndani, utakuta vijia vya mita chache, vyenye mitaro wazi, ambavyo mvua ikinyesha hata bodaboda husita. Katika ploti kama hizo ndipo nyumba za ibada zinapojengwa. Siku ya harusi au sikukuu, magari 100 yataegeshwa wapi? Anayeuza ploti hatakuambia. Mchoraji wa ramani ya jengo naye atachora kile alicholipwa kuchora.

Ardhi ya makazi haiwi ya ibada kwa sababu tu kengele imetundikwa. Sheria ya 2019 ya mipango na matumizi ya ardhi inataka kibali cha kaunti, na Ruiru na Thika zote ziko chini ya Kiambu. Kubadilisha matumizi hutangazwa gazetini na kwa kibao kwenye ploti, ili jirani apate nafasi ya kupinga. Nimesikia watu wakishauriana kibao kiwekwe mahali kisipoonekana. Ushauri huo ni mbaya kuliko kutokuweka kabisa. Jirani aliyenyimwa nafasi ya kusema mapema atasema baadaye, na atasemea kwenye kelele: kanuni za mwaka 2009 kuhusu sauti zinamruhusu kulalamikia kipaza sauti, kengele na matarumbeta, na alfajiri ndiyo saa ya arati. Na yule anayejenga akijibana kwenye hifadhi ya barabara kwa kuwa ploti hapo ni rahisi, aulize wenyeji kuhusu ile X nyekundu ya kubomolewa iliyochorwa kwenye kuta wakati barabara kuu ilipokuwa ikipanuliwa.

Jirani wa Ruiru si wa Letchmore Heath. Huenda ni mama wa Kikuyu mwenye ng'ombe wawili na wapangaji, ambaye hajawahi kuingia hekaluni na anasikia tu kwamba ndani kuna sanamu. Prabhupada alipokuja Nairobi mwaka 1971, wafuasi wake wanasimulia kwamba aliomba milango ya hekalu moja lililokuwa katikati ya jiji, mahali penye Waafrika wengi, ifunguliwe ili wapita njia waingie, na wakaingia wakaujaza ukumbi. Inasikitisha kwamba jambo hilo lilihitaji kuombwa na mgeni. Kamati inayofikiria kujenga Ruiru iende kwa huyo mama kabla ya kwenda kwa mkandarasi, ikae, inywe chai, imweleze ni siku zipi za mwaka njia yake itajaa watu, na imsikilize akisema maji ya mvua huwa yanapita wapi.

Limebaki la hati, na kwa jamii ya wahamiaji hili ndilo zito kuliko yote. Ibara ya 65 ya Katiba ya 2010 inasema asiye raia hawezi kumiliki ardhi nchini isipokuwa kwa kukodi, na kwa muda usiozidi miaka 99. Wengi wanalijua hilo. Wasilolijua ni kwamba ardhi iliyo chini ya wadhamini huhesabiwa kuwa ya raia pale tu ambapo wanufaika wote ni raia. Wanufaika, si wadhamini peke yao. Jamii inaweza kuteua wadhamini 5, wote Wakenya wenye vitambulisho, na bado hati ikaandikwa kwamba hekalu ni kwa faida ya waumini wote, wakiwemo babu mwenye pasipoti ya Uingereza aliyoikumbatia mwaka 1965, mhandisi aliyekuja juzi kutoka Rajkot kwa kibali cha kazi, na binti aliyeolewa Leicester. Maneno hayo ya ukarimu yanaweza kuibadilisha ardhi yote kisheria. Swali la nani anatajwa katika hati, na kwa uraia gani, liulizwe katika kikao cha kwanza, mbele ya wakili wa ardhi, kabla ya harambee kuitishwa, na kabla mtu yeyote hajatumwa India kuagiza murti.